Fomu Mbili za Mbwa Mmoja

Chumba cha nyuma, dukani kwa dobi,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kile kikohozi ulichoniandikia mwezi wa tatu kimeshakuachia kifua. Baba mdogo naye, magoti yanasemaje na hiyo baridi yenu? Mwambie aache kupanda ngazi kwa ubishi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mimi nimekonda kidogo, ingawa mke wangu anasema kilichokonda ni uso tu, tumbo limekataa.

Ile picha yako na mama mkiwa wasichana imefika bila kukunjika. Mmevaa gauni za kitambaa kimoja na wewe umefumba macho. Nimeitazama sana. Kumbe tangu zamani mama alikuwa akisimama na kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi! Hata siku za mwisho alilala hivyo. Ahsante kwa kuituma, maana najua unayo hiyo moja tu.

Duka linaendelea. Mashuka ya zahanati bado tunayafua sisi, na kola za walimu bado ni chafu kuliko za makuli. Mama alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya meza ya pasi akikagua vifungo, na shati halikutoka humu likiwa limepungukiwa hata kimoja. Mpaka leo nikimaliza shati nalisogeza upande wake, kisha nanyoosha mkono kulichukua tena.

Sasa kaa kitako, Mama mdogo. Hilo ninalotaka kukuandikia limenitikisa.

Unajua tulivyokuwa tukiishi. Ulipokuja ile likizo ulicheka ukasema hujaona nyumba kama hii. Mke wangu alikuwa akikaa jikoni na mimi hapa kwenye pasi, hatua nane kati yetu, lakini maneno yote yalipita kwa mama. "Mama, mwambie mwanao fulana zake ziko kwenye kamba." "Mama, muulize mkweo kama tuna sabuni." Na mama anapeleka, anarudi. Alikuwa akisema, "Nyumba hii ina watu watatu na simu moja, na simu yenyewe ni mimi."

Watu wakisikia hivyo hudhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Tulianza kwa kuoneana haya tulipooana, haya ikageuka heshima, heshima ikawa mazoea, na mazoea yana tabu. Miaka kumi na minne imepita hivyo. Kisha mwezi wa kumi na moja simu ikatutoka, na nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nasikia bomba la jirani likidondosha maji.

Wiki moja kabla hajafa, mama aliniita nikamfunike miguu. Nilipoinama akaninong'oneza, "Mkeo anatamani mbwa. Kila jioni akitoka kazini husimama pale kwa muuza nyama akimtazama yule mbwa wake mkubwa. Muulize." Nikamwambia nitamuuliza.

Sikumuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nalikiri mbele yako. Nilibaki nalo miezi sita nikitafuta namna ya kuanza. Mwezi wa tano, tukiwa mezani, nikajikuta nimesema tu, "Jumamosi twende tukatafute mbwa." Mke wangu akaweka kijiko chini, akasema, "Sawa." Mimi nikadhani ni furaha imemzidi.

Tukaenda. Nyuma ya ghala la mbao kuna kituo cha kutunzia mbwa waliotupwa. Ni ukumbi mrefu wa saruji, vizimba vya waya pande zote mbili, na harufu ya dawa ileile ninayofulia mashuka ya wagonjwa. Mwenye kituo ni mama mmoja mnene, miwani shingoni kwa uzi, watu wanamwita Hakimu. Hatukuwa tumewahi kufuga hata kuku, kwa hiyo tulisimama mlangoni kama watoto wa siku ya kwanza shuleni.

Huyo Hakimu ana utaratibu wake. Mume na mke wakija pamoja, hawachagui pamoja. Kila mmoja anapita kwenye vizimba peke yake, kisha anaketi chumba chake kujaza fomu, na kunong'onezana ni marufuku. Anasema robo ya mbwa anaowatoa hurudishwa baada ya mwezi, na kila mara sababu ni ileile, mmoja alitaka na mwingine aliburutwa. Niliona ni mambo ya kupoteza wakati. Nikajaza yangu haraka, maswali kumi na mawili, nikatoka.

Akatuketisha mbele yake, akavaa miwani, akaziweka fomu mbili sambamba kama mwalimu anayetafuta nani kamwibia nani majibu.

"Swali la tatu," akasema. "Nani hasa alitaka mbwa? Mume kaandika, mke wangu. Mke kaandika, mume wangu. Haya, sasa anayetaka mbwa hapa ni nani? Au ni mimi?"

Nilicheka, Mama mdogo, nikidhani ni mzaha. Nikamgeukia mke wangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepewa miwani isiyo yake.

"Swali la saba. Kuna mtu nyumbani anayeogopa mbwa? Mume, hakuna. Mke, mimi, sana."

Hapo kicheko kilinikauka. 

"Swali la tisa. Kuna yeyote anayetarajia kuhama nyumba hiyo mwaka huu? Mume, hakuna. Mke..." Hakimu akaisogeza fomu karibu na macho. Akavua miwani. Akaisukuma fomu ya mke wangu upande wangu wa meza, akasema kwa sauti ndogo, "Hili, baba, soma mwenyewe."

Mwandiko wa mke wangu unaujua, mzuri, wa herufi zilizosimama. Alikuwa ameandika hivi: "Mimi, mwezi wa saba. Mbwa atabaki na mume wangu. Kwa hiyo naomba awe mpole na asiwe wa kelele, maana mume wangu hapendi kelele."

Nilikufa ganzi. Siku ya msiba nililia, hii sikuweza hata kulia. Masikio yalivuma, nikawa nawaona mbwa wanafungua midomo huko ukumbini lakini siwasikii. Tulitoka bila kuaga. Tukatembea mpaka nyumbani, yeye upande ule wa barabara na mimi upande huu, kama watu wasiojuana.

Nilipofika niliingia moja kwa moja ndani, nikapita jikoni, nikasimama mlangoni pa chumba cha mama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa nimesema "Mama, hebu muulize" kabla macho hayajaona kitanda kilichotandikwa na miwani yake dirishani, ile aliyopimiwa na mke wangu kwenye duka la miwani anakofanya kazi. Niliishikilia fremu ya mlango. Sikujua nitamtuma nani.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amenisikia.

Basi nikamgeukia, nikamuuliza mwenyewe. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza.

"Ni kweli unaondoka?"

"Unaniuliza mimi? Wewe umeandika hakuna! Miezi saba unajua, halafu unaketi mbele ya mgeni unaandika hakuna?"

"Najua nini?"

"Usinifanye mtoto, tafadhali."

"Naapa sijui kitu. Najua nini?"

Akanitazama sana. Kisha akaketi kwenye kitanda cha mama, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifanya tangu siku ile. Akaniambia. Mwenye duka lao la miwani anafungua duka jingine, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Mwezi wa kumi mwaka jana alimwomba mke wangu akaliendeshe. Anatakiwa awe kule mwezi wa saba, na jibu la mwisho ni mwisho wa mwezi huu. Alishindwa kunikabili. Kwa hiyo akafanya tulivyozoea.

"Nilimwambia mama," akasema. "Nilimwambia, mama, mwambie mwanao nimepewa duka, na mimi nalitaka. Akanishika mkono akasema, nimesikia mwanangu. Nikangoja. Hukusema kitu. Tukamzika, hukusema kitu. Miezi yote hii nakutazama ukila, najisemea, mtu huyu anajua naenda zangu, na ananiomba chumvi."

Mama mdogo, mama hakuniambia. Nakuapia. Miaka kumi na minne hakuwahi kuangusha ujumbe hata mmoja, hata wa sabuni. Huo ndio wa kwanza.

Na bado hayajaisha. Nikamuuliza mke wangu, kama unaondoka, mbwa wa nini? Akasema mama alimwita, wiki ileile aliyoniita mimi, akamwambia kwamba mwanawe alipokuwa na miaka minane alilia siku tatu akitaka mbwa, marehemu baba akamkatalia, na kidonda hakijapona mpaka leo. "Muulize," akamwambia. Naye hakuniuliza. Niliposema twende tukatafute mbwa alipigwa na butwaa, akaona kumbe mama alisema kweli. Akajisemea, akimpata mbwa, nitaweza kuondoka bila dhambi.

"Lakini wewe husimama kwa muuza nyama," nikasema, "kumtazama mbwa wake."

"Kumtazama? Nasimama nikimngoja aondoke njiani nipite! Siku nyingine nangoja nusu saa."

Tulikaa pale kitandani tukitazamana. Kila mmoja alikuwa anamtafutia mwenzake mbwa, na wote wawili hatukumtaka.

Nakuomba kitu, Mama mdogo, wewe uliyenibeba mgongoni. Nikumbushe, niliwahi kulilia mbwa? Mimi sikumbuki hata kidogo. Nakumbuka nililia baiskeli. Mke wangu anasema mama alichanganya mambo kwa sababu ya dawa, na ule ujumbe mwingine aliusahau tu. Mimi nabisha. Aliyekumbuka vifungo vya shati la mteja wa mwaka jana asahau kwamba mkwewe anaondoka? Nafikiri alikataa kuupeleka. Nafikiri alikuwa anatuambia muulizane, na hakuna aliyemsikia. Kama alikuandikia lolote mwezi ule wa kumi, hata mstari mmoja, niambie.

Baada ya hapo ungedhani tungesahau habari za mbwa. Lakini Jumatano Hakimu alipita dukani na mapazia. Hakuyaulizia hata bei. Akasema, "Sitawapa mbwa, msiogope. Ila nina mzee mmoja anahitaji kutembezwa, na wasaidizi wangu wamechoka naye. Jumamosi tatu. Njooni wawili." Alipoondoka nilimuuliza mke wangu kama tutaenda. Akasema anaogopa. Nikasema nitashika kamba mimi. Akafikiri, akasema, "Nitatembea upande wa mkia."

Mbwa mwenyewe ni mzee, rangi ya kahawia iliyopauka, sikio moja limelala. Wamempa jina la Kikao. Tuliambiwa sababu lakini hatukuelewa mpaka yalipotukuta. Akichoka anaketi, na akiketi hakuna wa kumwinua mpaka mwenyewe afunge kikao. Jumamosi ya kwanza aliketi mbele ya mafundi wa magurudumu, katikati ya njia ya watu. Nikavuta, nikabembeleza. Wapi!

"Mzee, imezima?" fundi mmoja akapaza sauti.

"Imeisha mafuta hiyo!" akasema mwingine. "Mama, shuka usukume!"

"Sisukumi," mke wangu akamjibu. "Mimi ni abiria, nimeshalipa nauli."

Wakacheka, na yeye akacheka. Mama mdogo, nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu msiba, na pengine tangu zamani kuliko hapo. Wakamletea gurudumu bovu akaketi. Nikaketi chini, kamba mkononi, mbwa katikati yetu. Tulikaa saa nzima. Hapo ndipo nilipomuuliza kwa nini anaogopa mbwa.

Akapandisha gauni kidogo akanionyesha ile alama iliyo nyuma ya mguu wake. Aliumwa na mbwa akiwa na miaka saba, alipotumwa dukani. Ile alama nimeiona miaka kumi na minne. Mimi ni dobi, nikajiambia aliunguzwa na pasi, nikalifunga jambo. Hakuna siku nilimuuliza. Niliona aibu mpaka nikainamisha kichwa nikajifanya natazama ukucha wa mbwa.

Jumamosi ya pili Kikao alikaa palepale, na mafundi walikuwa wameshaweka magurudumu mawili. Safari hiyo mke wangu aliniambia habari za duka jipya. Kumbe anajua mpaka kioo kitakaa wapi. Kumbe anataka watoto wapimwe bure siku moja ya wiki. Mikono ilikuwa inamwendea hewani. Nilimsikiliza, nikaogopa, maana nilikuwa namwona mwanamke ambaye sikujua nimeishi naye. Mama mdogo, ningemkosa kabla sijamjua.

Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Na mimi je, hamnitaki huko?"

Hakika nilijishtua mwenyewe. Yeye ndiyo kabisa. Akashusha mikono. "Wewe? Na duka lako?"

"Kwani unadhani nguo chafu ziko mtaa huu tu?"

 Tuliporudi aliniambia tu, "Usiseme hivyo kwa huruma. Na chumba cha mama utakiacha? Kafikirie." Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria juma zima. Nitakuambia ukweli, kuacha kile chumba ni kama kumzika mara ya pili. Nilikuwa naingia asubuhi nasimama tu. Ukutani bado kuna doa la mafuta pale alipokuwa akiegemeza kichwa, na mimi ndiye mtu wa kutoa madoa, hilo sijaligusa. Lakini siku ya Alhamisi nikiwa nimesimama pale niliona kitu. Kwamba nimekuwa nikizungumza na chumba kitupu zaidi ya mtu aliye hatua nane.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia nimefikiria, na jibu ni lilelile.  Akamwekea Kikao kidole kimoja mgongoni, akakiondoa upesi kama anayejaribu pasi kama imepata moto, kisha akakirudisha, kisha kiganja chote. Mbwa hakugeuka hata kutazama.

Jana tulirudi kwa Hakimu, ingawa Jumamosi tatu zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyetuita. Mke wangu ndiye aliyesema anataka fomu. Hakimu akatupa moja, meza moja na kalamu moja, akaenda kulisha mbwa wake.

Swali la tatu tulilibishania. Mwisho tukaandika, "Wote, lakini tumechelewa kujua." Swali la saba akaandika, "Mke, lakini hofu imepungua." Tulipofika la tisa, akaishika kalamu, akaniuliza bila kunitazama, "Una hakika? Nakuuliza mimi mwenyewe." Nikasema nina hakika. Nikaona sitaweza kutazama anachoandika, nikageukia dirisha. Nilisikia kalamu ikikwaruza, fupi tu, kisha ikawekwa mezani.

Hakimu aliporudi akaisoma, vidole vyote vina unga wa chakula cha mbwa. Alipofika la tisa akasoma kwa sauti. "Kuna yeyote anayetarajia kuhama? Ndiyo. Watatu." Akatutazama mmoja mmoja. "Mzee huyu kwenye gari hukojoa," akasema. "Msije mkasema sikuwaambia." Akapiga muhuri.

Mpaka sasa siamini, Mama mdogo. Leo asubuhi nimeanza kufungasha vitu vya mama, na mke wangu amekaa sakafuni akinisaidia, tunaulizana kila kitu: hiki twende nacho, hiki tukupelekee wewe? Tumekuwekea shali yake ya kijivu na kile kikombe chake kilichobaki na mkono mmoja. Kama kuna kingine unakitaka, andika upesi kabla ya mwisho wa mwezi. Anuani yetu mpya nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie sana Baba mdogo. Msalimie binamu mkubwa na darasa lake, na yule mdogo mnayemwita Kasuku, mwambie hapa kuna mzee wa sikio moja anayeweza kumnyamazisha. Mke wangu anasema nikuandikie shikamoo yake, nami nimemwambia aandike mwenyewe. Ataongeza hapa chini. Mungu akulinde huko uliko, wewe uliyebaki peke yako katika wale wasichana wawili wa gauni za kitambaa kimoja.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, anayekupenda kama alivyokupenda yeye.

Shikamoo Mama mdogo. Ni mimi mkweo. Yote aliyoandika ni kweli, ila tumbo ameliongelea kidogo mno. Tunaondoka tukiwa na hofu. Utukumbuke.